Mzee Vua, Fundi Viatu Aliyefundisha Mtaa Mzima Kuanguka

Ndugu zetu mliokusanyika hapa, majirani, wafanyabiashara wenzake wa mtaani, wanafunzi wake wa judo wa zamani na wa sasa, familia imeomba shukrani zitangulie, kwa sababu marehemu hakuanza jambo lolote bila kumshukuru aliyesimama mbele yake, awe mteja, mpinzani au mkaguzi wa afya aliyekuja kumsumbua. Anayewasomea ni mdogo wake, mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wao, na anasoma kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo akiwa kitandani, ingawa wapo katika familia hii wenye sauti nzuri zaidi na rekodi safi zaidi. Humu ndani mdogo wake atatajwa kama mtu mwingine yeyote, mema yake kwa kiasi chake na mabaya yake kama yalivyo, na wale ambao wameshaona kwamba msomaji amesimama miguu peku, wavumilie, sababu itafika kwa zamu yake.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Vua, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Agosti 1951, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yake akiwa fundi viatu wa karakana ile na mama yake akiwa mshonaji wa sare. Alikuja duniani akitanguliza miguu, jambo lililomtoa mkunga jasho, lakini baba alifurahi kupita kiasi, akatangaza kwa majirani kwamba mwanawe ametoka akionyesha nyayo kwanza, kwa hiyo kazi ya ukoo imepata mwenyewe. Mama hakucheka, kwa kuwa uchungu ulikuwa wake, na aliwakumbusha hivyo wote wawili kwa miaka mingi.

Tarehe 9 Mei 1957 alizaliwa mdogo wake, na kuanzia hapo marehemu hakuwa na mgongo wa peke yake, alimbeba mdogo wake kwenda kisimani, kwenda dukani, na tangu Januari 1959, alipoanza shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, alimbeba hadi getini kila asubuhi, akamkabidhi kwa mama aliyekuwa akiwafuata nyuma na furushi la sare. Alimaliza elimu ya msingi Novemba 1965, akiwa wa kwanza darasani katika hesabu za maumbo, maana mtu aliyekata soli tangu ana miaka minane haoni ajabu ya duara wala pembe, kisha akasoma shule ya ufundi kuanzia 1966 hadi 1968 na kutunukiwa cheti cha kazi za ngozi, ambacho mpaka leo kinaning'inia dukani juu ya cherehani, kimeinama kidogo upande wa kushoto, na ole wake aliyethubutu kukinyoosha.

Machi 1969 ndipo alipokutana na jambo lililomtengeneza. Katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli alikuja mhandisi mgeni wa injini za treni, mtu mfupi, mpole, mwenye masikio yaliyovimba kwa kusuguliwa, akabandika mlangoni karatasi kwamba atafundisha judo kila Jumamosi asubuhi, na vijana arobaini na mmoja wakajiandikisha wakidhani watajifunza kuvunja mbao kwa ngumi. Badala yake walifundishwa kuanguka. Kwa miezi mitatu mizima hawakufundishwa kingine, kuanguka kwa ubavu, kuanguka chali, kuanguka kwa mbele, kidevu kifuani ili kichwa kisigonge chini, mkono upige mkeka, kisha amka, na kufikia Juni walikuwa wamebaki sita. Mama alishangaa waziwazi, akauliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayeamka mapema, akavaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, ili aende kujifunza kuanguka, wakati pale nyumbani sakafu ipo ya bure.

Ukumbi ule ulikuwa na sheria mbili ambazo mwalimu hakuzilegeza hata siku moja. Ya kwanza, kila aingiaye avue viatu mlangoni, avipange vidole vikitazama nje, ainame, ndipo akanyage mkeka. Ya pili, hakuna atokaye mkekani kabla ya kuinamiana na yule aliyepambana naye, hata kama amemtegua bega, hata kama amechukia mpaka mishipa imemsimama, kwa sababu, alisema mwalimu yule, bila heshima ile ya mwisho mliyofanya si mchezo, ni ugomvi tu wa barabarani uliosogezwa ndani. Marehemu alizibeba sheria hizo mbili maisha yake yote, akapata mkanda mweusi tarehe 4 Desemba 1976, na mwalimu aliporudi kwao mwaka uliofuata alimwachia funguo za ukumbi. Mdogo wake naye alijiunga, akafundishwa na kaka yake, akapata mkanda mweusi mwaka 1984, na alikuwa mwepesi kuliko kaka yake, jambo ambalo alilijua mapema mno.

Kazi aliianza Februari 1970 katika kiwanda cha viatu, idara ya kukata soli, akakitumikia miaka kumi na miwili hadi kilipofungwa Novemba 1982, na Jumatatu tarehe 2 Mei 1983 akafungua duka lake, kile chumba mnachokijua, upana wake hatua nne, kati ya dobi na kinyozi, chenye harufu ya gundi na nta, na miguu ya mbao ya kuundia viatu, ya saizi zote, ikining'inia darini. Na hapo, kwa heshima zote, familia inakiri kwamba marehemu alianza biashara kwa kosa ambalo hakuna fundi mwingine angelifanya. Aliweka sheria ya ukumbini kwenye mlango wa duka. Kila mteja avue viatu, avipange, ainame, ndipo aingie. Wapita njia walichungulia, wakaona viatu viwili vimepangwa mlangoni na mtu mzito ameinama ndani kimya, wakadhani kuna msiba, na bibi mmoja alimpa pole, akatikisa kichwa na kwenda zake.

Mwezi ulipita bila mteja, naye akapiga moyo konde, akaamua kutoka nje awaite watu kama walivyofanya wauza nguo wa ng'ambo ya pili. Sasa, mkono wake ulikuwa umeshazoea kushika ukosi na mkono wa nguo, kwa hiyo muoka mikate wa kona ile alipopita alimshika mkono wa shati, kwa nia njema kabisa, muoka mikate akashtuka akajivuta, na mwili wa marehemu, bila kumuuliza mwenyewe, ukafanya ulichofundishwa kwa miaka kumi na minne. Muoka mikate alijikuta chali anatazama mawingu. Hakuumia hata kidogo, kwa sababu katikati ya kosa lile marehemu hakuuachia mkono wake, alimshikilia ili kichwa kisiguse saruji, akamwinua, akampangusa unga, akainama mbele yake na kubaki ameinama mpaka muoka mikate mwenyewe akaona haya, akaingia dukani, akavua. Alikuwa mteja wa kwanza, amebaki mteja kwa miaka karibu arobaini, yupo hapa mstari wa pili, na ametupa ruhusa tuyaseme haya kwa sharti tutaje kwamba siku ile alikuwa na ndoo ya hamira mkononi, la sivyo asingeanguka kirahisi namna ile.

Jambo lile lilimkosesha marehemu raha kwa wiki nzima, na mwisho wa wiki aliandika ukutani kwa rangi nyeusi maneno yaliyoko mpaka leo, kwamba ukimvuta mteja atajivuta, basi mwache aje kwa mwendo wake, kazi yako ni kuwa umesimama mahali sahihi, na akishakuja usikubali kichwa chake kiguse chini. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa elimu yake yote ya kutafuta soko. Hakuisoma chuoni, aliipata kwa kumbwaga mtu mwema barabarani.

Juni 1984 aliingia karani wa posta mwenye kisigino kilichovunjika, akasimama kizingitini, akakataa kuvua. Marehemu alimweleza habari za heshima, karani akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba nusu ya mtaa huu soksi zao zina matundu, na kwamba fundi anayelinda heshima yake kwa kuwavunjia wenzake heshima yao hajaelewa alichofundishwa. Marehemu akamwuliza basi afanye nini. Karani alimtajia benchi, pazia na ndara. Aliporudi wiki iliyofuata alikuta benchi la mbao lililosuguliwa, pazia la bluu, na jozi kumi na mbili za ndara za ngozi, saizi zote, zilizoshonwa kwa mkono, akakaa, akavuta pazia, akavua. Marehemu alisema siku zote kwamba ni mtu pekee aliyewahi kumwangusha bila kumgusa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Septemba 1985, wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa aliyezaliwa tarehe 3 Julai 1987, ambaye ni fundi viatu na mwenye mkanda mweusi, na mdogo aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1991, ambaye ni nesi, na hajawahi kukanyaga mkeka kwa sababu, asemavyo mwenyewe, familia inahitaji angalau mtu mmoja wa kuwafunga wengine bandeji.

Kwa hiyo sheria ya mlangoni ilibaki, ila sasa ilikuwa na benchi, na hapo ndipo ilipoanza kuzaa matunda ambayo hata yeye hakuyatarajia, kwa sababu mteja akiwa ametulia ndani ya ndara marehemu alichukua viatu vyake, akavigeuza, akazisoma soli. Aliona nani anakanyagia nje, nani anaburuta mguu wa kushoto, nani anabeba mzigo bega moja, akayaandika kwenye kadi ndogo, na baada ya miezi mitatu mteja alipata barua fupi, si tangazo, ni swali tu, je, goti linaendeleaje, soli ya kulia imeshaanza kulika tena? Watu walizisoma barua zile kwa majirani zao. Hakuwahi kulipia tangazo hata moja, na jina la Mzee Vua, ambalo mtaa ulimpa kwa kejeli, likageuka kuwa kibao chake cha duka.

Kuanzia Januari 1990, kila Jumamosi baada ya mazoezi, wafanyabiashara wadogo wa mtaani walibaki ukumbini na kukaa mkekani wamevaa soksi zao, naye akawafundisha. Aliwaanzisha kwa kuanguka, akamtaka kila mmoja aeleze mbele ya wenzake atafanya nini mwezi ambao hataingia mteja hata mmoja, na asiyekuwa na jibu hakuruhusiwa kuzungumzia matangazo. Muuza maua, aliyekuwa akiwaita watu kutoka mbali mpaka sauti inamkauka, alifundishwa umbali, akae kimya mpaka mtu awe hatua mbili kutoka kwake, ndipo amwulize maua ni ya nani, na muuza maua anasema tangu siku ile watu humsimulia habari za wapendwa wao wenyewe. Kinyozi jirani alisimama akalalamika kwamba kinyozi mkubwa wa barabara kuu ana viti vinane na foleni mpaka nje, yeye ana kiti kimoja na nzi, sasa zile nguvu za mpinzani, ambazo judo inamtaka mtu azigeuze zimfae yeye, atazitumiaje. Marehemu alimjibu kwamba foleni ile ndiyo nguvu ya mwenzako na ndiyo mzigo wake, wewe huna foleni, basi andika mlangoni kwamba hapa mtu anakaa kitini papo hapo. Kinyozi alinuna siku mbili, akaandika, na sasa analalamika kwamba ana foleni.

Sasa tunafika kwa mdogo wake. Alijiunga na duka mwaka 1986 na kwa miaka kumi na miwili walifanya kazi vizuri, kaka akiwa kwenye cherehani, mdogo akiwa kwenye benchi na wateja, na haitakuwa haki kusema hakufaa kitu, maana alikuwa na maneno matamu na watu walimpenda. Lakini alitaka mambo yaende mbio. Alitaka viatu vya tayari kutoka viwandani, vipaza sauti, mabango, milango ya vioo, alimwomba kaka yake mara tatu na mara tatu kaka akakataa, akisema duka lao halina miguu ya kubeba mwili ule. Jumamosi tarehe 10 Oktoba 1998 wakakutana mkekani kama kawaida, ila mdogo alikuja na hasira, akamshika kaka yake, akambwaga kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na alipomwona kaka yuko chini hakusubiri, hakuinama, alimpa kisogo, akachukua viatu vyake mkononi, akatoka navyo barabarani miguu peku. Marehemu aliamka, akapiga magoti mahali pake, mikono juu ya mapaja, akamsubiri arudi wafunge mchezo. Alisubiri mpaka mlinzi wa ukumbi alipokuja na funguo zake kufunga geti la nje.

Jumamosi tarehe 6 Februari 1999 mdogo wake alifungua duka kubwa la viatu ng'ambo ya barabara ile ile, ghorofa mbili, vioo sakafuni mpaka darini, na juu ya mlango akatundika bango la kitambaa alilolichora kwa mkono wake mwenyewe, herufi kila moja urefu wa dhiraa, HAPA HAKUNA KUVUA. Mtaa uliangua kicheko. Msomaji wenu anaomba aseme wazi kwamba bango lile halikuwa biashara, lilikuwa chuki, na kwamba aliyelichora alijua hivyo tangu alipokuwa akichanganya rangi.

Wafanyabiashara wa Jumamosi walimshauri marehemu atundike bango la kujibu, kinyozi akiwa tayari ameshatunga maneno ambayo hayafai kusomwa hapa. Marehemu alikataa. Aliendelea kushona na kutazama nje kwa siku tisa, akaona kwamba watu wanaotoka kwa mdogo wake na viatu vipya wanatembea kwa kuchechemea, na siku ya kumi akalitoa benchi lake nje, akaliweka upande wa jua, na juu yake kibao kidogo kilichouliza tu, kiatu kipya kinabana? Wakaanza kuvuka. Duka kubwa lilileta umati ambao mtaa ule haujawahi kuuona, na umati ule ulivuka barabara kuja kupanuliwa viatu penye vidole na kuwekewa kitambaa cha kisigino, na kila aliyekaa benchini alirudi mwaka uliofuata kubadilishiwa soli. Lakini alikuwa na sharti moja, ndani ya duka lake hakuna ruhusa kusema vibaya kiatu kilichotoka ng'ambo, na mteja mmoja aliyeanza kukandia alipewa viatu vyake mkononi na kuonyeshwa mlango kwa adabu. Mdogo wake alikuwa akitazama hayo yote kutoka dirisha la ghorofa ya pili, na kwa miaka kumi hakuna aliyevuka kumsalimia mwenzake.

Mwaka 2009, mvua kubwa ziliponyesha, viatu vya shehena moja ya duka kubwa viliachia soli barabarani, mamia ya jozi, watu wakaja mlangoni kupiga kelele, na mdogo wake, ambaye alijua kila kitu isipokuwa kuanguka, alifunga milango na kujificha. Marehemu alizipokea jozi zile kwenye benchi lake, akazishona upya moja moja, na alipoulizwa ni nani wa kulaumiwa alisema ni mvua. Duka kubwa lilifungwa Jumanne tarehe 30 Juni 2009. Saa nane mchana ya siku ile marehemu alizima cherehani, akavuka barabara kwa mara ya kwanza, akafika chini ya lile bango, na pale pale chini ya maneno yaliyomwambia hakuna haja, akavua viatu, akavipanga vidole nje, akainama, akapanda ngazi. Alimkuta mdogo wake amekaa juu ya maboksi matupu, ameshika tama. Akamwuliza swali moja.

"Kichwa hakijagonga chini?"

Mdogo wake alijibu kwamba hakijagonga.

"Basi amka, kaka yako yupo."

Asubuhi iliyofuata mdogo wake alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, akiwapangia wateja ndara. Hakuulizwa chochote, si siku ile wala baadaye, na shemeji yake, yule karani wa posta, alimletea chakula cha mchana kana kwamba alikuwa ameondoka juzi. Kitu kimoja tu marehemu alikuwa akimkumbusha, tena kwa mzaha, kila Ijumaa jioni wakifunga duka, kwamba kesho mkeka upo. Mdogo wake alijibu kila mara kwamba wiki hii mgongo unamsumbua, Jumamosi ijayo. Ilikuwa aibu, si mgongo. Jumamosi kama mia saba zilipita hivyo, na wanafunzi wanasema kila mazoezi yalipokwisha marehemu aliinama kwa kila mmoja, kisha akabaki amepiga magoti dakika moja zaidi, uso kwenye mlango, ndipo akafunga ukumbi.

Agosti 2021 alianza kukosa pumzi alipokuwa akiinuka mkekani, madaktari wakakuta moyo umepanuka, na binti yake mdogo akamsimamia dawa kwa ukali ambao marehemu alikiri unazidi wa mwalimu wake wa judo. Aliendelea na kazi nusu siku hadi Jumanne tarehe 17 Januari 2023 alipolazwa, wodi ya ghorofa ya tatu, kitanda cha dirishani. Huko nako hakutulia, alimwambia nesi wa zamu ya asubuhi ahamishe mkoba bega la pili kwa sababu kiatu chake cha kushoto kinalika, na daktari bingwa alivuliwa viatu vyake pembeni ya kitanda, vikageuzwa, akapewa ushauri.

Jumamosi tarehe 4 Februari, saa kumi jioni, mdogo wake alikuwa naye peke yao. Waliongea habari za duka, muoka mikate, mvua, na ndipo marehemu alipomwagiza kwamba historia hii ataisoma yeye. Alipoaga na kufika mlangoni, ambao una kioo, mdogo wake aliona ndani ya kile kioo kinachotendeka nyuma yake. Kaka yake, ambaye alikatazwa kabisa kuinuka, alikuwa amejivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, miguu yake iko sakafuni, mikono juu ya mapaja, na alikuwa ameinama. Alimwinamia mgongo wake, taratibu, kama inavyotakiwa, akabaki ameinama vile vile. Mdogo wake aliona, akajua ni nini, na kwa kuwa machozi yalikuwa yameshamjaa na alikuwa hajui atafanya nini na uso wake, akajifanya hajaona, akasukuma mlango, akaenda. Alipanga kurudi Jumamosi ijayo.

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 7 Februari 2023, saa tano na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, mkono wake ukiwa mikononi mwa mke wake.

Familia inamshukuru daktari bingwa na manesi wote wa wodi ile, walioruhusu viatu vipangwe mlangoni mwa chumba chake ingawa kanuni zao hazisemi hivyo. Inawashukuru majirani, dobi aliyefua nguo zake nyeupe ambazo amevikwa leo, muuza maua, kinyozi aliyekwenda kumnyoa hospitalini mara nne na kuacha foleni yake ikimsubiri, muoka mikate aliyelisha nyumba nzima siku hizi tatu, mlinzi wa ukumbi, wafanyabiashara wa Jumamosi, na wateja ambao tangu juzi mmekuwa mkileta zile barua zake fupi mlizozitunza, tumezipokea zote, tutazitunza nasi. Kwa namna ya pekee tunamshukuru mke wake, aliyemfundisha kuweka benchi. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na mdogo mmoja. Duka litafunguliwa Jumatatu chini ya binti yake mkubwa, na ukumbi Jumamosi, saa ile ile.

Yaliyobaki hayamo kwenye karatasi hii, na hapa naomba ruhusa niache kujiita mdogo wake. Kaka, ulinisubiri umepiga magoti mpaka mlinzi akaja na funguo, ukanisubiri miaka yote ile ukitazama mlango, na mwisho ukauinamia mgongo wangu kwa sababu ndio pekee niliokupa. Uso ni huu. Viatu vyangu viko pale mlangoni, nimevipanga, vidole vinatazama nje. Ndugu zangu, nivumilieni kidogo, nainama.

Asante, kaka. Wewe pumzika kwa amani, na mara hii usihangaike kuamka.